Risasi Haikatwi

Kazi ya Kathini ilikuwa kugeuza magonjwa kuwa herufi na namba. Aliisomea miaka miwili katika madarasa ya jioni, mwaka wa mwisho tumbo likiwa mbele, mpaka akapata dawati katika chumba cha rekodi cha hospitali ndogo ya ghorofa mbili huko mtaa wa Baba Dogo. Daktari huandika ugonjwa kwa maneno. Kathini huutafutia msimbo wake kitabuni, akauingiza kwenye kompyuta, na mwisho wa mwezi ripoti ikaenda kaunti. Malaria ina msimbo wake, kuumwa na mbwa kuna wake, hata kuteleza bafuni kuna wake. Kwao mtaa wa Mbotela watu hawakuielewa kazi hiyo. Siku alipomwambia jirani yake Nduta kwamba yeye huandika misimbo, yaani kodi za magonjwa, Nduta alimtazama juu mpaka chini akamuuliza, kwani siku hizi malaria imepanga nyumba?

Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kufunga ripoti. Saa kumi na moja jioni mtambo wa kaunti ungejifunga wenyewe, na Mzee Ndolo, mkuu wa rekodi, alikuwa amekwisha kupita mara tatu akiigonga saa yake kwa ukucha. Kufikia saa saba zilikuwa zimebaki faili chache tu. Moja kati yake ndiyo iliyomkwama Kathini kooni.

Mgonjwa aliitwa Wekulo, umri miaka thelathini na mmoja, kazi yake vyuma chakavu. Chini ya hapo Daktari Muturi alikuwa ameandika, tarehe ya jana: Jeraha la risasi, mkono wa kulia. Alete barua ya polisi kwanza. Na kwa kalamu nyingine: Mgonjwa ametoroka.

Habari hiyo hata wafagiaji walikuwa nayo. Mtu amekuja na mkono uliofungwa kitambaa, ameambiwa mwenye jeraha la risasi hahudumiwi mpaka polisi wajue, akasema anakwenda chooni, na huko chooni hakurudi. Mlinzi wa langoni aliapa kwamba alimjua ni jambazi tangu alipomwona anavyotembea. Kila mtu alitikisa kichwa akaendelea na kazi zake, maana anayekimbia si ana sababu?

Msimbo wa risasi Kathini aliujua bila kufungua kitabu: W34. Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye vibonye alipoona kwamba nyuma ya karatasi ile kulikuwa na nyingine. Wekulo hakuwa mgeni. Alikuja pia Alhamisi iliyopita, akapokelewa na Muuguzi Kate, na Kate ni mtu wa kuandika kila kitu, hata rangi ya soksi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimevimba, vyekundu, vina malengelenge. Hakuna tundu. Hakuna mkato. Mgonjwa anasema hakushika moto wala maji moto. Wiki juzi alitapika siku mbili mfululizo. Amechoka kama mtu aliyebeba simenti. Ametolewa damu.

Majibu ya damu yalikuwa yamebanwa hapo hapo kwa kibanio. Yalitoka Ijumaa, mwenyewe akiwa ameshakwenda, na hakuna aliyeyatazama. Chembe nyeupe zilikuwa chache mno, hata mtu wa maabara akazizungushia duara mara mbili na kuandika pembeni: pimeni tena.

Mwisho kabisa Kate alikuwa ameweka maneno ya mgonjwa mwenyewe ndani ya alama za kunukuu. "Nilikuwa nakata risasi."

Kathini akaisoma mara ya pili kwa sauti ndogo. Nilikuwa nakata risasi. Mtu hupigwa risasi. Risasi humkosa, humpata, hutolewa mwilini na daktari. Lakini risasi haikatwi.

Haikatwi, isipokuwa ile nyingine. Baba yake, marehemu Matheka, alikuwa fundi wa betri za magari karibu na Jogoo Road, na utotoni mwa Kathini risasi ilikuwa ni kile chuma kizito cha kijivu kinachotolewa tumboni mwa betri, kikayeyushwa kwenye kopo, kikamiminwa kikang'aa. Usiiguse hiyo risasi, Kathini, ina sumu. Neno ni moja. Muuza vyuma chakavu akisema risasi, hafikirii bunduki hata kidogo.

Sasa ni nani hukifunga kitu ndani ya risasi, mpaka mtu ahitaji msumeno kukitoa?

Hapo akamkumbuka mwalimu wake wa jioni, Dubow, mtu mpole aliyekuwa akifundisha huku anapiga miayo kwa uchovu wa kazi yake ya mchana. Kitabu cha misimbo kina sehemu ya mionzi, na darasa zima lilimwomba airuke. Mionzi Eastlands, mwalimu? Huku tunakufa na moshi na maji machafu. Dubow hakuiruka. Aliwaambia kwamba viwanda vingine vina mashine za kupima kilichomo ndani ya bomba bila kulifungua, na ndani ya mashine hiyo mna punje ya chuma inayotoa mionzi usiku na mchana, haina harufu, haina joto, haina sauti. Punje hiyo huvikwa risasi nene, kwa kuwa risasi huizuia. Kiwanda kikifungwa, mashine huuzwa kwa kilo pamoja na punje yake, na anayeinunua hajui amenunua nini. Msimbo wake ni W88. Wakaunakili, wakausahau.

Mzee Ndolo alipomkuta amekaa tu na kitabu wazi, alitaka kujua kama faili hiyo inataka kuolewa. Kathini akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akamwambia kwa upole wa Kikamba, akimwita mwiitu, binti wa Matheka, kwamba kazi yao si kutibu. Karani huandika kilichoandikwa. Akibadilisha neno la daktari hata kwa nukta, atarudi Mbotela na barua mkononi, na ana mtoto wa miezi tisa wa kulea.

"Sibadilishi," Kathini akasema. "Nataka kuuliza tu."

Kulikuwa na njia ya kuuliza. Kila karani wa misimbo alikuwa na kitabu cha karatasi za manjano, ambazo angeweza kumpelekea daktari akiona maneno na dalili havisemi kitu kimoja. Madaktari walizichukia karatasi hizo kama sindano. Tangu aajiriwe Kathini hakuwa amechana hata moja. Akachana ya kwanza.

Daktari Muturi alikuwa na foleni ya akina mama na watoto mpaka kwenye ngazi. Alikuwa ofisa wa tiba kijana, si mtu mbaya, ila alikuwa amelala saa nne tu. Aliitazama ile karatasi ya manjano, akamtazama aliyeileta, akasema kwamba alimsikia yule mtu kwa masikio yake mawili. Alimuuliza umeumizwa na nini, naye akajibu ni risasi.

"Tundu lilikuwa upande gani, Dokta?"

"Alikuwa amefunga kitambaa."

"Hukukifungua?"

"Nilipokishika alilia kama mtoto. Nikasema polisi kwanza." Akaweka kalamu chini. "Unataka kusema nini, Kathini?"

Kathini akamwekea mbele karatasi ya Kate, kidole chake kikiwa chini ya maneno yale ya mwisho, halafu akaweka majibu ya damu juu yake. Daktari Muturi akasoma. Alipofika kwenye duara la maabara, mkono wake ukaanza kutafuta kiti.

"Baba yangu alikuwa akikata risasi," Kathini akasema. "Ya betri."

Akina mama wakaombwa radhi, mlango ukafungwa. Daktari Muturi akapiga simu ofisi ya serikali inayoshughulika na mionzi, akarushwa kutoka mtu huyu kwenda yule mpaka akampata mwanamke aliyejitaja kwa jina la Kawsar. Huyo hakuuliza habari za hospitali wala za faili. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza swali moja, na kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, Kathini alilisikia vizuri.

"Hicho kitu kiko wapi sasa hivi, na nani amekaa karibu nacho?"

Hakuna aliyejua. Kawsar akasema yeye na wenzake wanaondoka mjini sasa hivi na vifaa, watafika baada ya saa nzima au zaidi, lakini waende wapi? Baba Dogo ni kubwa. Kila dakika mtu anayokaa karibu na punje ile ni dakika inayomla. Watafuteni watu, akasema, wakae mbali nacho, angalau hatua mia. Dawa ya kwanza ni umbali. Na asikiguse mtu.

Simu ya Wekulo ilikuwa imezimwa. Faili ilikuwa na namba nyingine, ya mke, iliyoandikwa jina moja tu: Mama Luseno. Mahali wanapoishi, hata Kate alikuwa ameandika tu Baba Dogo, ploti ya kupanga. Daktari Muturi akanyoosha mkono kuichukua simu, Kathini akamtangulia. Akisikia sauti ya mwanamume, alisema, mama huyo atakata.

Ikalia mara tano. Sauti iliyopokea ilikuwa nyembamba na kavu. Kathini akajitambulisha, wa kutoka hospitalini, anamtafuta Wekulo.

"Hakuna Wekulo hapa."

"Mama Luseno, tafadhali usikate."

"Nani amekupa jina la mtoto wangu? Nyinyi ndio mlisema mume wangu ni mwizi. Mtu hajawahi hata kushika bunduki, mnamwambia alete polisi. Ameoza mkono, mnataka polisi."

"Najua hajapigwa risasi," Kathini akasema. "Ni ile ya betri. Alikuwa akiikata kwa msumeno, si ndiyo?"

Upande wa pili ilisikika redio ya jirani, na mtoto akigonga sufuria.

"Wewe ndiye wa kwanza kusema hivyo," yule mwanamke akasema polepole.

"Ndani ya ile risasi kulikuwa na kitu. Kidogo, kizito, kinang'aa. Yeye alikileta nyumbani?"

Kathini akamsikia akipumua. Alijua anachokipima yule mwanamke: kama huu ni msaada, au ni mtego wa kumtoa nyumbani ili watu waje kupekua. Yeye mwenyewe angepima hivyo hivyo. Akamwambia ana binti wa miezi tisa, anaitwa Koki, hivi sasa amemwacha kwa dada yake, na kama kitu hicho kingekuwa nyumbani kwake asingesubiri mtu amwombe mara ya pili. Hakitoi moshi, akasema, hakichomi ukikishika, ndiyo maana kinadanganya watu. Lakini ndicho kilichomchoma Wekulo.

"Kiko juu ya kabati," Mama Luseno akasema. "Ndani ya kikombe. Alikileta Jumamosi, alisema wenzake wa pale yadi ya vyuma watakiiba. Mtoto anakililia akiona kinang'aa, nikakiweka juu."

"Hivi mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa miguuni pangu."

Kathini alifumba macho. Akamwambia amchukue Luseno mgongoni, asichukue kitu kingine, atoke nje, aende mpaka barabarani, na akipita awaambie majirani watoke. Sasa, si baada ya chai. Yule mwanamke akasema sawa, kisha sauti ikavunjika. Wekulo amelala kitandani, chini ya hilo kabati. Hainuki. Na hata akiweza hatatoka, maana anasema akitoka tu atafungwa.

Alitoa jina la ploti. Lilikuwa jirani na kiwanda cha mabati, mwendo wa robo saa. Kathini akamtumia Kawsar jina hilo kwa simu, akavua viatu vya kazini, akavaa ndala alizozificha chini ya dawati. Daktari Muturi alikuwa ameshavua koti jeupe.

Walikwenda mbiombio bila kuzungumza. Mbele ya ploti waliwakuta watu wamejaa barabarani, wengine na ndoo, wengine na watoto, mmoja ameshika kuku. Mama Luseno alikuwa msichana tu, hata miaka ishirini na mitano hana, mtoto kamfunga kwa leso. Alikuwa amewatoa wote. Alibaki mmoja.

Nyumba ya Wekulo ilikuwa ya mwisho ndani ya ua, mlango wa bluu. Daktari Muturi alitaka kuingia amtoe kwa nguvu. Kathini alikuwa ameshampigia Kawsar tena, na Kawsar akasema hapana, kama mtu anaweza kutembea aitwe atoke. Simameni langoni kwa dakika chache tu, kuna kuta mbili katikati. Basi walisimama langoni, wakaita.

"Wekulo. Mimi ni Kathini, wa hospitali. Hakuna polisi hapa."

Akaita mara ya pili. Kutoka ndani ikaja sauti ya mtu mgonjwa, imejaa hasira na kiu. Iliuliza na huyo mwanamume kando yake ni nani, kwani Kathini anadhani yeye hakumwona kupitia dirishani? Si ndiye aliyeita polisi?

Kathini akamgeukia Muturi. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba neno ameliandika yeye, na hakuna mwingine anayeweza kulifuta.

Daktari Muturi aliwatazama watu waliokuwa nyuma yake, ploti nzima, na kuku. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Kisha akaweka viganja mdomoni akapaza sauti.

"Wekulo, nilikosea. Ulisema risasi, mimi nikasikia bunduki. Sikukufungua mkono. Ningekufungua ningeona. Wewe huna kosa lolote, kosa ni langu."

"Sasa dokta," mzee mmoja akauliza kutoka barabarani, "ni risasi ama si risasi?" Watu wengine wakacheka, mwanamke mmoja akamzomea mzee huyo anyamaze, mtu anakufa.

Ndani kukasikika kitanda kikilia. Kisha mguu ukiburuzwa.

"Basi nawaletea hicho kichuma chenu," Wekulo akasema. "Mkichukue muondoke nacho."

"Usikiguse!" Kathini alipiga ukelele mpaka sauti ikamkatika. "Wekulo, kiache. Kiache hapo hapo kwenye kikombe. Tunakutaka wewe. Luseno anakutaka wewe."

Miguu ikasimama. Langoni hakuna aliyejua kama amesimama upande wa kabati au wa mlango. Kathini alishika nondo ya lango. Simuni Kawsar alikuwa akiuliza, amefanya nini, amefanya nini.

Mlango wa bluu ukafunguka. Wekulo alitoka ameinama, mkono wa kulia umefungwa kitambaa na kuinuliwa kama mtu anayeapa. Ngumi ya kushoto ilikuwa imefumbwa. Alitembea ukutani, akisimama kila hatua mbili, na hakuna aliyepumua, kwa sababu ngumi ile haikufumbuka. Kathini akamwambia asimame hapo alipo. Akasimama.

"Fungua mkono, tafadhali. Uoneshe."

Wekulo akautazama mkono wake kana kwamba ameusahau. Akaufungua. Palikuwa na ufunguo wa mlango.

"Nimefunga," akasema. "Watoto wa hapa ni wezi."

Watu wakaachia pumzi. Lakini alipofika barabarani walirudi nyuma, hatua moja, kisha nyingine, mpaka akabaki peke yake katikati ya nafasi kubwa ya vumbi. Aliona. Hakumsogelea hata mkewe. Akavuka barabara, akaketi juu ya tofali mbali na wote, akageuza uso ukutani. Luseno alimwona kutoka mgongoni mwa mama yake, akanyoosha mikono akalia, na mama yake akamshika kwa nguvu zaidi, huku naye akilia. Daktari Muturi alikwenda akachuchumaa kando ya Wekulo, akaanza kumfungua kile kitambaa, taratibu.

Gari la Kawsar lilifika saa kumi kasoro dakika chache. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hijabu ya kijivu na sanduku mkononi. Wenzake wawili waliingia ndani ya ua na vyombo vizito na koleo ndefu, na mwingine akachukua majina ya wenzake Wekulo wa pale yadi, ili nao wafuatwe leo leo. Kawsar mwenyewe hakwenda kwenye kabati. Alikwenda kwanza kwenye tofali. Akatoa kijisanduku cha kupimia mionzi, chenye waya, akakipitisha juu ya kichwa cha Wekulo, mabegani, kifuani, mifukoni, kwenye ule mkono uliovimba, akarudia kwa utulivu kama mtu anayepiga pasi shati. Kijisanduku kililia moja moja tu, sauti ndogo, zilizoachana.

"Ile punje haikupasuka," akasema. "Mionzi ilimpitia, haikubaki kwake. Ni kama mtu aliyechomwa na jua: jua limemchoma, lakini yeye hatoi mwanga. Hamwezi kuambukizwa na huyu."

Watu hawakusogea. Walikuwa wakimtazama Kathini, kwa sababu ndiye aliyewaambia watoke. Naye alikuwa akimfikiria Koki, na mikono yake mwenyewe, na nguo ambazo jioni angembeba nazo.

Wekulo akauliza kuhusu mtoto. Hakuuliza kuhusu mkono. Kawsar hakumdanganya. Usiku tatu si kidogo, alisema, ila kabati lilikuwa juu na mtoto alilala upande wa mlango. Mtoto na mama watapimwa damu leo, na tena Ijumaa, na tena wiki ijayo. Kuapa hawezi. Lakini ameona nyumba walizochelewa kwa miezi, na hii si moja ya hizo.

Kathini akavuka barabara. Akaketi kwenye vumbi kando ya lile tofali, bega lake likigusa la Wekulo, akamwashiria Mama Luseno. Mama Luseno akasita kidogo tu. Akaifungua leso, akamshusha mtoto mapajani mwa baba yake, upande wa kushoto, na Luseno akamshika baba yake sikio kwa vidole vyote vitano.